Kisagio Kwanza: Zana za Espreso kwa Mnunuzi wa Moshi

Mji wa Moshi umejengwa kwa kahawa. Bodi ya Kahawa Tanzania ina jengo lake humo, kiwanda cha kukoboa kahawa kimo humo, Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, kina jengo lake katikati ya mji, na mtu apandaye kwenda Kibosho, Old Moshi, Kilema au Marangu hana budi kupita baina ya vihamba ambamo mibuni imekaa chini ya kivuli cha migomba tangu zama za mababu. Walakini mkazi wa mji huo huo, akishikwa na hamu ya kujifanyia kikombe cha espreso nyumbani kwake kwa fedha ya wastani, huwa kama mgeni mlangoni pa jamaa zake: kahawa anayo, hata ya kuwagawia wengine, lakini zana za kuinywea zilitungwa mbali, kwa mahitaji ya watu wa mbali, na bei zake huandikwa kwa fedha ya mbali. Uchambuzi huu wakusudia kumsaidia mtu huyo kupima lipi la kununuliwa kwanza, lipi lisubiri, na lipi lisinunuliwe kabisa.

Hali hii ina asili yake. Wamisionari Wakatoliki walipanda mibuni Kilema mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, afisa wa serikali ya Kiingereza, akawahimiza Wachaga walime zao hilo katika vihamba vyao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, KNPA, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa mahali pake. Katika miaka hiyo yote hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba mkulima ndiye mnywaji. Kahawa ilikuwa fedha ya karo, ya bati na ya misumari. Ilishuka mlimani katika magunia, ikakobolewa, ikapangwa kwa madaraja, ikaenda zake Tanga na kwingineko ng'ambo, ilhali nyumba iliyoilima ilikunywa chai na mbege. Mwaka ule ule wa 1933, katika Italia, Alfonso Bialetti alitoa birika lake dogo la alumini liitwalo moka, lililoiingiza kahawa nzito ya mkahawani katika jikoni za watu wa kawaida. Mambo hayo mawili hayakujuana hata kidogo, nami sitaki kuyafungamanisha kwa nguvu. Lakini yaonyesha vizuri namna kazi ilivyogawanywa: huku watu wakijifunza kuuza pamoja, kule watu wakijifunza kunywa.

Kabla ya kununua chombo yapasa kuijua kazi yake. Espreso si aina ya buni wala si rangi ya mkaango. Ni namna ya kuipika kahawa, ambayo maji ya moto wa nyuzi 90 hadi 96 husukumwa kwa nguvu ipatayo bar 9, yaani mara tisa ya uzito wa hewa ya pwani, yapenye katika unga laini ulioshindiliwa, na kwa muda wa sekunde 25 hadi 30 yatoe kinywaji kizito chenye povu la rangi ya asali. Kipimo kilichozoeleka siku hizi ni gramu 18 za unga kwa gramu 36 za kinywaji, hata kilo moja ya punje humpa mtu vikombe vipatavyo 55. Luigi Bezzera wa Milano alipata hataza ya mashine yake mwaka 1901, lakini mashine za siku zile zilisukuma kwa mvuke tu, na nguvu yake ilikuwa haba. Ni Achille Gaggia, baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyeleta mkono wa kuvuta wenye springi, akapata lile povu ambalo leo watu hulihesabu kuwa ndilo alama ya espreso. Na mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatia pampu ya umeme mahali pa misuli ya mtu. Kwa mizani hiyo moka ya Bialetti, ambayo hufikia bar moja au mbili tu, haistahili jina la espreso. Ni jamaa yake wa karibu, na kwa mfuko mwepesi ni jamaa mwema.

Sasa tazama sanduku la mashine ya bei nafuu dukani. Limeandikwa kwa herufi kubwa bar 15, penginepo bar 20, na mnunuzi asiyejua hudhani kwamba kumi na tano ni bora kuliko tisa. Maandishi hayo ni chambo. Nambari ile ni upeo wa pampu ikiwa maji yamezuiliwa yasipite kabisa, wala haina mafungamano na kile kitakachoingia kikombeni. Tena ndani ya sanduku hilo aghalabu mna kichujio chenye kuta mbili, ambacho ukuta wake wa chini una tundu moja jembamba mno. Kazi ya tundu hilo ni kuyabana maji hata kama unga ni mkavu, mzee na umesagwa ovyo, na kulazimisha povu litoke. Povu hilo ni hewa iliyochapwa, halina mafuta wala harufu ya kahawa. Hila hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mtu anunuaye unga uliosagwa miezi mingi nyuma na kufungwa katika pakiti katika mji ambao haujaona mbuni, nami siilaumu, maana imemsaidia mtu huyo. Lakini mkazi wa Moshi ana haja gani nayo? Awezaye kupata punje zilizokaangwa wiki hii, seuze yule ambaye shangazi yake anazo mbichi kwenye gunia, analipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Kwa sababu hiyo nasema kwamba hesabu ya mnunuzi wa mlimani haina budi kugeuzwa: fedha ambayo wenzetu wa ng'ambo huiweka katika mashine, yeye aiweke katika kisagio.

Maji yakisukumwa kwa nguvu hutafuta njia nyepesi. Yakikuta unga ambao chembe zake nyingine ni vumbi na nyingine ni mapande, maji hayo hukimbilia penye mapande na kupita upesi bila ya kuchukua utamu, na papo hapo huganda penye vumbi na kulikamua hata uchungu wa mwisho. Kikombe kikatoka kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, na mwenyewe asijue amlaumu nani. Mashine ya thamani ya magari mawili haiwezi kuuponya unga wa namna hiyo. Ndiyo maana vile visagio vya visu, vinavyozunguka chini ya kikombe cha plastiki na kuuzwa pamoja na blenda, havifai kwa kazi hii: visu hukata vinachokikuta, havipimi, na juu ya hayo aghalabu vimekwisha kusaga pilipili manga na iliki, navyo harufu hiyo havisahau. Wala kinu na mchi havifai, ingawa nasema hivyo kwa heshima. Huko Materuni wageni huimbishwa na kutwangishwa kahawa, nao hufurahi, na unga ule ukitiwa katika mdila na kuchemshwa hutoa kinywaji kizuri kwa kuwa mashapo yake hutuama chini. Lakini kuutia unga huo katika kichujio cha espreso ni kuiharibu siku.

Kinachotakiwa ni kisagio cha meno, ambamo punje hupita baina ya meno mawili ya chuma cha pua yaliyotengana kwa nafasi maalumu, na kila chembe hailipiti lango mpaka imelingana nalo. Katika espreso nafasi hiyo hurekebishwa kwa sehemu za mia za milimita. Kwa hivyo kisagio kizuri kwa kahawa ya kuchuja, ambacho hatua zake ni pana, huenda kisifae hapa, maana hatua moja maji yakimbia, hatua ya pili maji yakataa kupita, na katikati hapana pa kusimama. Mnunuzi na akitikise kisagio kabla ya kulipa: ashike mhimili wa kati auyumbishe kwa kidole, na ukicheza, akirudishe. Visagio vya mkono vyenye sifa hizo, kama vile vya 1Zpresso na KINGrinder, huuzwa ng'ambo kwa takriban dola 100 hadi 200, ilhali kisagio cha umeme kitakachosaga sawa na hivyo aghalabu hudai fedha maradufu. Sababu ya tofauti hiyo ni nyepesi kufahamika: katika kile cha umeme unalipia mota, katika kile cha mkono mota ni wewe. Gramu 18 huchukua dakika moja hivi ya kuzungusha, na siku ambayo umeme umekatika kazi haisimami.

Hapana budi kutaja mizani. Mizani midogo ya betri, ya namna inayotumiwa na masonara, yenye kupima sehemu ya kumi ya gramu, ni kitu rahisi sana kuliko vyote vilivyotajwa humu, na faida yake yapita faida ya pampu. Kijiko hakijui kwamba kahawa iliyokaangwa sana huwa nyepesi na iliyokaangwa kidogo huwa nzito.

Ama kuhusu punje zenyewe, sifa ile ile iliyoipatia kahawa ya Kilimanjaro jina hata Japani ndiyo inayompa taabu mwenye mashine dhaifu. Hii ni arabika ya nyanda za juu, iliyokomaa polepole, iliyomenywa na kuoshwa kwa maji. Punje zake ni ngumu, na ukali wake mtamu, unaopendeza katika kikombe cha kuchuja, hukuzwa na espreso hata kwa mtu asiyeuzoea huwa kama ndimu. Dawa zake ni tatu, nazo zote hazihitaji mashine mpya. Kwanza, mkaango uende mbele kidogo, ufikie hudhurungi iliyoiva bila ya punje kutokwa jasho la mafuta. Pili, punje zipumzike baada ya kukaangwa, siku saba au kumi, kwa kuwa hewa ya mkaango ikiwa bado imo ndani, povu huwa jingi na ladha huwa ya kurukaruka. Mwenye pupa ya kunywa kahawa ya jana katika espreso hujidhulumu. Tatu, changanya. Bukoba iko katika nchi hii hii, na robusta ya Kagera, ambayo Wahaya waliitafuna na kukirimiana kwayo kabla ya mkoloni yeyote kufika, ndiyo jamaa ya ile robusta ambayo Waitaliano huitia katika michanganyiko yao ili kupata uzito na povu. Sehemu moja ya Kagera kwa sehemu nne za Kilimanjaro hutuliza ule ukali pasipo kuufukuza. Najua wako watu wa mlimani ambao watalihesabu shauri hili kuwa ni uhaini; waonje kwanza.

Tukija kwenye mashine, ziko za namna mbili kwa mtu wa mfuko mdogo: ya mkono na ya umeme. Ile ya mkono, kama Flair au Robot ya Cafelat, haina pampu wala boila. Mtu huchemsha maji kwenye jiko lolote, huyamimina katika silinda, kisha hukandamiza kwa wenzo mpaka nguvu ifikie bar 9. Flair za bei ya chini hupatikana ng'ambo kwa fedha isiyopita sana bei ya kisagio kizuri cha mkono, na kikombe chake, maadamu unga ni mzuri, chaweza kukaa meza moja na cha mashine ya mkahawa. Hapa mlima wenyewe watusaidia. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100, na mwenye chombo cha mkono huko yampasa angoje kidogo. Moshi mjini, ambapo ni kiasi cha mita 900 juu ya bahari, huchemka karibu na nyuzi 97, na Marangu, penye mita 1,400 na zaidi, karibu na 95, hivyo yakimiminwa moja kwa moja katika chuma kilichotangulia kupashwa moto huteremka yenyewe hata pale panapotakiwa. Lakini sharti chuma kipashwe. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Machame na Kibosho zina baridi isiyo ya mzaha, na silinda baridi humeza nyuzi kumi kabla kahawa haijalowa. Aibu ya chombo hiki ni kwamba hufanya kikombe kimoja kwa wakati mmoja na hakina mvuke wa maziwa. Nyumba ya wageni wengi itachoka nacho.

Mashine ya umeme yataka hadhari zaidi. Zile nyembamba zenye kupasha maji papo kwa papo, kama Dedica ya De'Longhi, huwa tayari kwa muda mfupi na hazili nafasi mezani, na kwa wati 1,300 zikiwashwa robo saa kwa siku hazitumii hata theluthi moja ya uniti ya LUKU. Lakini kichujio chake cha milimita 51 ni chembamba kuliko kile cha kazi, na mwenye kuinunua imempasa atafute kichujio cha ukuta mmoja, ama sivyo kisagio chake kizuri kimepotea bure. Zile nzito za mtindo wa zamani, ambazo mfano wake mashuhuri ni Gaggia Classic iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, zina kichujio cha milimita 58 kama cha mikahawani, na ndani yake mna boila, pampu, vali na swichi za joto, basi. Fundi umeme wa kawaida, aliyezoea pasi na mafriji, akiifungua hukuta vitu anavyovifahamu. Mpira wa kuzuia mvuke hubadilishwa kwa bisibisi, pampu hubadilishwa kwa spana. Ile yenye kadi ya kielektroniki na vitufe vya kugusa, umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika na kadi ikaungua, fundi atakutazama tu. Kwa hivyo mwenye mashine ya umeme katika nchi hii na anunue stabilaiza pamoja nayo, tena aihesabu kuwa sehemu ya bei.

Mashine za vidonge sizizungumzi kwa kirefu. Kuagiza kahawa iliyofungwa katika kikopo cha alumini, kutoka Ulaya, iletwe chini ya Mlima Kilimanjaro, ni kichekesho ambacho hakihitaji uchambuzi.

Vipi kuhusu vitu vilivyotumika? Hapa fedha nyingi huokolewa na nyingi hupotea. Umeme wetu ni volti 230 kwa Hz 50, na plagi yetu ni ile ya Kiingereza yenye pini tatu bapa. Kwa hivyo mashine iliyotumika Uingereza huchomeka kama ilivyo, na zile ziuzwazo Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi huchukua bidhaa, huwa za umeme na plagi namna hiyo hiyo. Ya Italia au Ujerumani yataka plagi tu. Ya Marekani ni balaa: ilifanywa kwa volti 120, na ikichomekwa katika ukuta wetu kipashio chake hutoa joto karibu mara nne ya lile kilichopangiwa, kikaungua kabla mwenyewe hajasema bismillahi. Hata ukiinunulia transfoma, ambayo kwa wati elfu moja na zaidi ni pande la chuma la bei kubwa, pampu yake iliyozoea mapigo 60 kwa sekunde itapewa 50. Ndugu aliyeko Minnesota akikuahidi zawadi, mwambie alete kisagio cha mkono, ambacho hakiulizi volti. Na aagizaye kitu kipya kutoka nje akumbuke kwamba juu ya bei ya dukani na nauli kuna ushuru wa forodha, na juu ya jumla hiyo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Bidhaa nzito huumia kwa nauli kuliko nyepesi, jambo ambalo nalo lakipa kisagio ushindi.

Maji na maziwa nayataja kwa ufupi. Tazama ndani ya birika la nyumbani kwako: likiwa na ukoko mweupe, boila nalo litakuwa na ukoko huo, na yafaa lisafishwe kwa maji ya siki au asidi ya sitriki kila baada ya miezi michache. Maziwa ya ng'ombe wa zizini hayana budi kuchemshwa kwanza kwa ajili ya afya, yapoe kabisa, ndipo yapigwe mvuke.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue kisagio cha mkono chenye hatua nyembamba, atumie moka au mdila wa mamaye, na asione haya. Atakunywa vizuri kuliko jirani mwenye mashine inayong'aa na unga wa pakiti. Mwenye fedha ya vitu viwili aongeze chombo cha mkono cha wenzo, akae hapo miaka mingi kama si mpenzi wa maziwa. Anayetaka maziwa, au ana watu wanne mezani kila asubuhi, angoje mpaka aweze mashine nzito ya boila yenye kichujio cha milimita 58, mpya au ya Uingereza iliyotumika, wala asiharakishe kwa kununua ile ya katikati ambayo ataiuza kwa hasara mwaka wa pili. Na asiyeipenda espreso asijilazimishe: kahawa chungu ya pwani, yenye tangawizi na kashata pembeni, ni kongwe kuliko mashine zote hizi na haimdai mtu fedha za kigeni.

Popote utakaponunua, iwe Moshi, Arusha au Kariakoo, pindua mashine usome bamba lake la nyuma kabla hujatoa pochi. Kama halikuandikwa volti 220 hadi 240 na Hz 50, au kama muuzaji hakubali kuichomeka mbele yako na kupitisha maji mpaka yatoke moto, toka dukani na fedha yako.